Dhima ya Mwenyeji: Miaka 70 ya Mashindano ya Nyimbo ya Ulaya

Tarehe 24 Mei 1956, katika mji wa Lugano ulio kusini ya Uswisi, ndani ya ukumbi wa Teatro Kursaal, waimbaji wa mataifa saba, ambayo mengi kati yake miaka kumi na mmoja tu kabla ya hapo yalikuwa yakimwagiana damu, walisimama mmoja baada ya mwingine mbele ya wapiga ala, kila taifa na nyimbo zake mbili, na sauti zao zikachukuliwa na mitambo kuvuka milima ya Alps hadi majumbani mwa watu wasiopata kuonana. Mwaka huu wa 2026 taasisi iliyozaliwa usiku ule, ijulikanayo duniani kwa jina la Eurovision, yatimiza umri wa miaka 70. Na ingawa waiadhimishao aghalabu hutaja washindi, mimi naona haki ya kwanza ya kukumbukwa ni ya wenyeji, kwani mshindi huimba dakika tatu akatunzwa, ilhali mwenyeji hubeba gharama, usumbufu na lawama za mwaka mzima kwa ajili ya wageni wake.

Asili ya jambo hili ni Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, ulioasisiwa mwaka 1950 huko Torquay, pwani ya Uingereza, ili mashirika ya redio na televisheni yapate kubadilishana vipindi. Kwamba picha yaweza kuvuka mipaka kwa saa ile ile kulikwisha kuthibitika tarehe 2 Juni 1953, siku ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ambapo watu wa Ufaransa, Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani nao waliitazama hafla ile. Lililobaki ni kutafuta shughuli ambayo mataifa yote yangeshiriki, wala si kutazama tu fahari ya mwenzao. Mswisi Marcel Bezençon, aliyeongoza kamati ya vipindi ya Umoja huo, alilitafakari suala hilo pamoja na wenzake mjini Monaco mwezi wa Januari 1955, wakalipata jawabu katika tamasha la nyimbo la Sanremo, ambalo Waitalia walikuwa wakilifanya tangu 1951; na mwezi wa Oktoba mkutano mkuu uliokutana Roma ukaliidhinisha.

Jioni ile ya Lugano ilikuwa ya kiasi. Televisheni zilikuwa bado haba, kwa hiyo walioyafuata mashindano kwa redio walikuwa wengi kuliko walioyaona. Waamuzi, wawili kutoka kila nchi, walipiga kura kwa siri na kwa ruhusa ya kuipigia hata nchi yao wenyewe, na Luxembourg, isiyopeleka waamuzi, ilikabidhi kura zake kwa Waswisi. Alishinda Lys Assia wa Uswisi, lakini hesabu ya kura haikutangazwa kamwe, na picha za usiku ule hazikuhifadhiwa ila kipande cha mshindi akiurudia wimbo wake. Ni hasara inayosikitisha, maana sauti tunayo, walakini nyuso za waanzilishi karibu zote zimetupotea.

Mwaka uliofuata, mjini Frankfurt, kura zilianza kutolewa hadharani kwa simu, na aliposhinda Corry Brokken wa Uholanzi, mashindano ya 1958 yakapelekwa kwao, Hilversum. Tangu hapo ikawa ada kwamba ashindaye ndiye mwenyeji wa mwaka ujao. Ada hii ni tukufu, lakini ni nzito. Uholanzi iliposhinda tena 1959 ilijiona imekwisha kutimiza wajibu wake, ikaomba udhuru, na BBC ya Uingereza ikaupokea mzigo huo mwaka 1960. Ikafanya vivyo hivyo kwa Ufaransa mwaka 1963, kwa Monaco mwaka 1972, na kwa Luxembourg mwaka 1974, mwaka ambao kundi la ABBA la Uswidi lilijipatia umaarufu wake mjini Brighton. Uingereza imekuwa mwenyeji mara 9, na katika hizo, 4 tu ni matunda ya ushindi wake. 5 zilizosalia ilisimama kwa niaba ya wengine. Sijui sifa iliyo bora kuliko hiyo.

Uholanzi nayo ililipa ihsani hiyo mwaka 1980. Israeli, iliyoshinda miaka miwili mfululizo, haikuimudu tena gharama, na Waholanzi wakafungua mlango wa ukumbi wao wa The Hague, ule ule walioutumia mwaka 1976. Ndipo Moroko ilipoingia, nchi ya Afrika ya kwanza na ya pekee hadi leo, nayo ikamleta Samira Bensaïd akaimba kwa Kiarabu. Alipewa pointi 7, zote za Italia, na nchi yake haikurejea. Sisi wa pwani, ambao taarabu yetu imenywa katika kisima cha nyimbo za Kiarabu, hatuwezi kuisoma hesabu hiyo bila huzuni.

Lakini kisa nikipendacho kuliko vyote ni cha Millstreet. Ayalandi iliposhinda mwaka 1992, usiku ule ule Noel C. Duggan, mwenye ukumbi wa mashindano ya farasi katika mji huo mdogo wa kaunti ya Cork, uliokuwa na watu wapatao 1,500, aliliandikia shirika la utangazaji la nchi hiyo, RTÉ, barua akiutoa ukumbi wake bila malipo. Wengi wangedhani ni mzaha. RTÉ ikakubali, na tarehe 15 Mei 1993 nchi 25 zikakutana hapo. Miongoni mwao ilikuwako Bosnia na Herzegovina, ambayo wajumbe wake walikuwa wameponyoka Sarajevo iliyozingirwa vitani. Na sauti ya waamuzi wake ilipofika kwa simu, dhaifu na yenye mikwaruzo, ukumbi mzima ulipiga makofi. Ayalandi ilishinda tena, na tena mwaka 1994, hata ikawa mwenyeji miaka mitatu mfululizo, jambo ambalo hakuna nchi nyingine iliyopata kulifanya.

Baadaye mambo yalipanuka upesi: wapiga ala wakaondolewa jukwaani baada ya 1998, jambo ninalolijutia, na wingi wa nchi ukaleta nusu fainali kuanzia 2004. Mwaka 2020 maradhi ya korona yalizuia mashindano ya Rotterdam, yakafanyika 2021.

Ukraini iliposhinda mjini Turin mwaka 2022, ilikuwa vitani, wala haikuwezekana kuwakusanya wageni katika nchi inayopigwa mabomu. Uingereza, iliyoshika nafasi ya pili, ikaombwa kwa mara nyingine, na Liverpool ikateuliwa. Mwimbaji wa Kiukraini Julia Sanina akawa mmoja wa waongozaji wa hafla, na tiketi zipatazo 3,000 zikawekwa kwa bei nafuu kwa ajili ya Waukraini waliokimbilia huko. Tarehe 13 Mei 2023 alishinda Loreen wa Uswidi, kwa mara yake ya pili, na dhima ya uenyeji ikavuka bahari kwenda Malmö, mji uliokwisha kuipokea mara mbili kabla ya hapo.