Shahidi Aliye Katika Udongo wa Oldupai

Msafiri atokaye Karatu kwenda Serengeti hupita lango la Lodoare, akapanda msitu wa Ngorongoro wenye ukungu, kisha akateremka katika nchi kame ya malisho. Huko ndiko liliko bonde la Oldupai. Jina hili ni la Kimaasai, nalo ni jina la mkonge wa porini uotao kwa wingi mahali pale. Wageni walilisikia vibaya wakaliandika Olduvai, na kosa lao likaenea katika ramani za dunia. Jambo hili ni dogo, lakini lina funzo kwa kila apendaye historia: shahidi aweza kusema kweli, na msikilizaji akaipotoa.

Mwaka 1911 Wilhelm Kattwinkel, tabibu wa Kijerumani, alifika bondeni akaondoka na mifupa iliyogeuka mawe. Mwaka 1913 Hans Reck alichimbua kiunzi cha mtu katika tabaka la kale sana, akaamini kwamba mtu yule aliishi zama moja na wanyama wa tabaka lile. Baadaye ilidhihirika kwamba alikuwa maiti wa zama za karibu zaidi, na kwamba kaburi lake ndilo lililochimbwa hadi kufikia udongo wa kale. Mfupa haukusema uongo. Aliyeusoma hakuuliza vya kutosha ulifikaje pale.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey aliliona fuvu lililoitwa Zinjanthropus. Mwaka 1961, baada ya kupimwa mawe ya volkano, ilitangazwa kwamba umri wake wapata miaka 1,750,000. Fuvu likapata umri. Walakini fuvu peke yake haliwezi kusema kama mwenyewe alipumzika kivulini au juani, wala alikunywa maji ya wapi.

Maswali hayo yamepata jibu katika kitu duni, yaani nta ya majani. Kila jani limepakwa nta nyembamba ili maji yake yasipotee. Jani likianguka huoza, lakini nta hudumu. Upepo na mito huichukua hadi ziwani, nayo huzikwa katika matope, tabaka juu ya tabaka. Wataalamu huitoa katika mashapo hayo kwa vimiminiko viyeyushavyo mafuta, kisha huzichambua molekuli zake. Kaboni ina atomu nyepesi na nzito. Miti na vichaka huipokea ile nzito kwa uchache kuliko nyasi za nchi za joto, kwa kuwa nyasi hizo hujitengenezea chakula kwa njia nyingine. Hivyo uwiano wa kaboni katika nta huonyesha kama palikuwa na miti au mbuga, na haidrojeni iliyomo hudokeza wingi wa mvua.

Mwaka 2013 Clayton Magill, Gail Ashley na Katherine Freeman walieleza matokeo ya kuyasoma mashapo ya ziwa la kale la Oldupai. Waliona kwamba kati ya miaka milioni 2 na milioni 1.8 iliyopita, nchi iligeuka mara tano au sita, kutoka miti mingi kuwa mbuga wazi na kurudi tena. Mageuzi hayo yalifuatana na mabadiliko ya mwendo wa dunia mbele ya jua. Mwaka 2016 ilielezwa kwamba pale alipookotwa Zinjanthropus palikuwa na miti karibu na chemchemi ya maji matamu, ilhali ziwa lenyewe lilikuwa la magadi.

Mwaka 2020 Ainara Sistiaga na wenzake, miongoni mwao Mtanzania Audax Mabulla, walitangaza kwamba katika mashapo ya miaka milioni 1.7 waliona mafuta ya bakteria wa aina iishiyo katika maji ya moto sana, kama yale ya Yellowstone huko Marekani. Wakauliza: je, watu wa kale walipika chakula katika chemchemi hizo? Hapa yatupasa kukumbuka kosa la Reck. Molekuli yashuhudia kwamba maji ya moto yalikuwapo. Haishuhudii kwamba mtu alitia nyama ndani yake. Swali ni halali, lakini swali si jibu.

Wako waliosema kwamba pasipo maandishi hapana historia. Oldupai yawajibu kwamba hata jani limeweka kumbukumbu, na kila masika maji huchukua sehemu yake kabla haijasomwa. Kazi yetu ni kumsikiliza shahidi huyu kwa subira, kumnukuu bila kumwongezea neno, na kueleza habari zake kwa lugha isikiwayo Karatu na Ngorongoro, ili wenye nchi wasiwe wa mwisho kujua yaliyomo chini ya nyayo zao.