Laxton, Kijiji Kisicho na Ua

Laxton ni kijiji cha wakulima huko Nottinghamshire, katikati ya Uingereza. Kimo katika daftari la mali lililoandikwa mwaka 1086 kwa amri ya mfalme William Mshindi, na hadi leo lipo tuta la ngome ya Wanormandi. Vijiji vingi vya kule vina sifa hizo. Ambacho vingine havina ni mashamba makubwa matatu, West Field, South Field na Mill Field, yasiyo na ua kati ya mkulima na mkulima. Kila mmoja ana vipande vyake vyembamba na virefu vilivyotawanyika katika mashamba yote matatu.

Kilimo kinakwenda kwa zamu: shamba moja hupandwa ngano kabla ya baridi kuingia, la pili hungoja mazao ya baada ya baridi, kama shayiri, la tatu hulazwa. Mwaka unaofuata zamu husogea. Zamani kondoo wa kijiji kizima waliachiwa shamba lililolazwa, kwa hiyo hapakuwa na nafasi ya mtu kujiamulia peke yake.

Mwaka 1635 Sir William Courten, mfanyabiashara wa London aliyemiliki ardhi ile, aliagiza ramani kwa mpimaji Mark Pierce. Ramani hiyo, ambayo sasa iko Oxford, inaonyesha kila kipande, na humo wamechorwa watu wadogo wadogo wakilima, wakivuna na kuwinda. Ni hati adhimu. Mkulima mdogo wa zama zile hakuacha barua wala shajara, lakini kipande chake kinaonekana.

Kisha zikaja sheria za kuzungushia ardhi ua. Kuanzia 1604 hadi 1914 Bunge lilipitisha zaidi ya 5,200, zikagusa ekari zipatazo milioni 6.8. Mwenye ardhi kubwa alipata shamba la mkupuo mmoja. Mwenye ng'ombe mmoja wa kulisha malishoni pa wote akabaki kibarua. John Clare, mshairi aliyekuwa kibarua wa shamba, aliyaona hayo kijijini kwao Helpston baada ya sheria ya mwaka 1809, na uchungu wake umo katika mashairi yake.

Kwa nini Laxton kikapona? Wapo wanaosifu mapenzi ya mila. Mimi naona matajiri hawakuelewana tu. Ardhi ilikuwa chini ya wamiliki wakubwa wawili, ukoo wa Manvers na ule wa Scarbrough, na kubadilishana vipande kukawashinda. Hata hivyo si kila kitu kilinusurika: sehemu ya ardhi ilizungushiwa ua, na mwanzoni mwa karne ya 20 vipande viliunganishwa vikawa vichache na vikubwa zaidi.

Kilichoyaweka mashamba hayo hai ni mahakama ya kijiji. Kila mwaka, Novemba inapoishia, wazee wa baraza, ambao wenyewe ni wakulima, hulitembelea shamba lililopandwa ngano. Wanatazama mipaka, mitaro, na njia za majani ambazo ni mali ya wote. Aliyesogeza plau yake hatua mbili ndani ya njia huonekana, nao hupigilia vigingi pale mpaka unapostahili kuwa. Siku chache baadaye mahakama hukaa katika baa ya Dovecote, mkosaji anatozwa faini, na wazee wa mwaka ujao wanaapishwa. Faini ni ndogo, lakini ni nani apendaye jina lake lisomwe mbele ya jirani zake wote kwa kosa la kumega njia?

Mwaka 1952 familia ya Manvers iliiuzia Wizara ya Kilimo ardhi hiyo, na mwaka 1981 ikahamia kwa shirika la mali za Taji. Mwaka 2020 ilirudi Thoresby, kwenye milki iliyokuwa ya Manvers. Wamiliki wamebadilika mara tatu katika miaka 70, na mahakama bado inakaa kila mwaka.