Jina Kwanza

Runzewe ilikuwa katika Mkoa wa Shinyanga mpaka 2012, ulipoundwa Mkoa wa Geita. Kwa wengi wa huko Kisukuma na Kisumbwa ni lugha za nyumbani. Kiswahili ni lugha ya sokoni na, tangu 1967, ya shule za msingi za serikali. Kiingereza humngoja mtoto mlangoni mwa sekondari. Hapo anayeandika "girls tall" huonekana hana mpango. Mimi nasema mpango anao, tena una historia ndefu.

Tazama, ndugu msomaji, maneno haya: "wasichana wale wawili warefu". Jina limetangulia, na kila neno linalolifuata limevaa sare yake. Msukuma naye husema "banhu babili", yaani watu wawili. Mwingereza husema "those two tall girls". Kwake jina huja mwisho, na neno la sifa halibadiliki hata wasichana wawe mia.

Mwaka 1862 Mjerumani Wilhelm Bleek alichapisha kitabu cha kulinganisha lugha za kusini mwa Afrika. Aliona kwamba sare hii ni mfumo kamili, na kutokana na neno lenye maana ya "watu" akaziita lugha hizi za Kibantu. "Banhu" wa Kisukuma ni ndugu wa jina hilo.

Kisha, mwaka 1963, Mmarekani Joseph Greenberg aliziweka lugha za Kibantu katika ukoo mmoja mkubwa na Kiigbo cha Nigeria. Mwigbo husema "mmadụ abụọ", watu wawili. Jina lingali mbele, lakini halibadiliki, na wingi unabebwa na namba peke yake. Ngeli za kale zimefifia karibu zote. Sare imechakaa, foleni imebaki.

Basi mtoto wa Runzewe anapotanguliza jina, anafuata utaratibu unaofahamika mpaka Afrika Magharibi. Lazima ajifunze utaratibu wa Kiingereza, maana mtihani haumsubiri. Lakini mwalimu akimwonyesha kwanza ule wa kwao, kisha akamwambia, "Wenzetu hugeuza", mtoto atajifunza lugha ya pili bila kuionea haya ya kwanza. Anayeambiwa tu kwamba amekosea hujifunza kunyamaza, na darasa la watoto walionyamaza halina lugha hata moja.