Jina ni la Staa, Shingo ni ya Nani? Historia ya Magitaa ya Umeme Yenye Majina ya Mastaa

Ukiona gitaa la umeme lenye jina la staa, macho yanakimbilia rangi, saini na zile picha za jukwaani. Lakini waulize wapiga gitaa wenyewe, watakwambia mambo yote yako nyuma, pale kiganja kinaposhika. Pale ndipo kwenye shingo ya gitaa. Jina ndilo linalomtoa mtu mkwanja mfukoni, ila shingo ndiyo inayoamua kama atalipiga gitaa hilo miaka 20 au atalitundika ukutani baada ya wiki mbili.

Kwanza ishu ya maumbo. Chukua muwa, ukate katikati, uangalie pale palipokatwa. Hivyo ndivyo mafundi wanavyoisoma shingo. Ikiwa na mviringo wa kawaida, inaitwa C. Ikiwa nene na imejaa pembeni, ni U. Ikichongoka katikati kama mkuku wa jahazi, ni V. Ikiwa bapa kwa nyuma, ni D. Hakuna iliyo bora kuliko zote. Mpigaji anayepitisha dole gumba juu ya shingo ili kukaba nyuzi nene mara nyingi huipenda V. Anayeweka gumba nyuma na kukimbiza vidole kwa spidi huitafuta nyembamba.

Sasa, mkongwe wa majina yote kwenye gitaa la umeme ni Les Paul. Huyu alizaliwa mwaka 1915 katika jimbo la Wisconsin, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa ameshatengeneza gitaa la ajabu: kipande cha mbao nene kilichofungwa nyuzi, halafu pembeni akabandika vipande vya gitaa la kawaida ili watu wasishangae. Akaliita gogo. Akawapelekea kampuni ya Gibson, wakamwona kama mtu wa vichekesho. Kumbe mwaka 1950 kampuni ya Fender ikaanza kuuza gitaa la mbao iliyojaa, lisilo na tumbo wazi, na Gibson wakashtuka usingizini. Mwaka 1952 gitaa la Gibson Les Paul likaingia sokoni.

Kuna kitu wengi hawakijui kuhusu mwenye jina hilo. Januari 1948 alipata ajali mbaya ya gari huko Oklahoma, na kiwiko chake cha kulia kikaharibika vibaya. Madaktari wakamweleza kwamba mkono ule hautakunja tena. Yeye akawaomba waugandishe kwa pembe ambayo ingemruhusu kushika gitaa. Yaani mtu alikubali mfupa wake ufuate umbo la gitaa, maisha yake yote.

Lakini gitaa lenye jina lake halikukaa palepale. Zile Les Paul za rangi ya machweo za mwaka 1958 zina shingo nene. Za mwaka 1959 zikapungua kidogo. Za mwaka 1960 zikawa nyembamba kabisa. Jina lilelile, mkono wa mwenye jina haukubadilika, ila kiwanda kilibadili shingo kufuata soko. Mwaka 1961 Gibson wakabadili hadi mwili: ukawa mwembamba, wenye pembe mbili, na jina la Les Paul bado likawekwa juu yake. Mzee hakulipenda gitaa hilo. Haikupita miaka mingi jina likaondolewa, na gitaa likabaki kuitwa SG. Les Paul ya zamani ilirudishwa sokoni mwaka 1968. Leo zile za 1958 hadi 1960, ambazo enzi zake hazikuuzika sana, zinauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, na wanaozisaka hubishana kuhusu shingo ya mwaka mmoja na mwingine kama watu wanaobishana kuhusu Simba na Yanga.

Fender wao walichelewa kwenye mchezo huu. Stratocaster ilitoka mwaka 1954, lakini toleo la kwanza lenye jina la msanii lilikuja mwaka 1988, na msanii huyo alikuwa Eric Clapton. Hadithi yake inaanzia Nashville, mwaka 1970. Clapton alinunua Stratocaster sita za zamani kwa bei ya kutupa. Tatu akawagawia marafiki: George Harrison, Pete Townshend na Steve Winwood. Tatu zilizobaki akazifungua, akachukua vipande bora vya kila moja, akaunda gitaa moja jeusi lililoitwa Blackie. Shingo yake ilikuwa ya V. Toleo lenye jina lake lilipotoka, V ile laini ilikuwamo. Hapo jina na mkono vilikwenda pamoja. Blackie yenyewe ilipigwa mnada mwaka 2004 kwa dola 959,500, pesa zikaenda kwenye kituo cha kutibu walevi na waathirika wa dawa za kulevya alichokianzisha Antigua.

Mwaka huohuo wa 1988 Fender walitoa na la Yngwie Malmsteen, fundi wa spidi kutoka Sweden. Hili ni noma. Mbao kati ya freti imechimbwa kama bakuli, kidole kinagusa uzi tu bila kugusa mbao. Kwa Malmsteen ni raha. Kwa mwenye mkono mzito ni balaa, maana ukikandamiza kidogo tu kupita kiasi, sauti inapanda na kutoka nje ya mstari.

Jeff Beck naye alipata lake mwaka 1991, likiwa na shingo nene kama rungu. Miaka kumi baadaye toleo jipya likaja na C laini zaidi. La Stevie Ray Vaughan lilitoka mwaka 1992, likiwa na shingo nene ya mviringo wa yai. Yeye mwenyewe hakuwahi kuliona dukani, kwani alikufa kwenye ajali ya helikopta Agosti 1990. Mkono uliondoka, umbo lake likabaki kwenye mbao.

Upande mwingine kuna Ibanez JEM ya Steve Vai, iliyotoka mwaka 1987: shingo nyembamba, freti 24, na tundu mwilini la kushikia kama mpini. Kuna na la Eddie Van Halen la mwaka 1991 kutoka Music Man, ambalo shingo yake haikulingana pande zote mbili, kwa sababu ndivyo kiganja chake kilivyotaka.

Halafu tazama majina yote hayo. Ni wanaume watupu. Bonnie Raitt alipata Stratocaster yenye jina lake katika miaka ya 1990, na mwaka 2016 Annie Clark, anayejulikana kama St. Vincent, akatoa gitaa lake na Music Man: mwili mwembamba katikati na mwepesi, uliochorwa kwa kufikiria pia umbo la mwanamke. Miaka zaidi ya 60 baada ya Les Paul, ndipo swali la gitaa linatengenezwa kwa mwili wa nani lilipoanza kusikika kwa sauti.

Na hilo ndilo swali la mnunuzi pia. Gitaa lenye jina la staa ni ramani ya mkono wa mtu mwingine. Unaweza kuupenda muziki wa Beck hadi machozi, na bado shingo yake ikakuumiza kifundo cha mkono. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukiingia dukani, fumba macho, shika shingo, piga dakika kumi. Ukifumbua macho ndipo usome jina.

Je, wewe ni wa shingo nene au nyembamba? Uwanja wa maoni uko wazi hapo chini.