Athari za nini?

Katika taarifa za miradi ya uhifadhi inayogharimiwa na wafadhili wa nje, jedwali la ufuatiliaji na tathmini huwa na ngazi zilezile: rasilimali, shughuli, mazao, matokeo, na juu kabisa athari. Ngazi za kati zina majina mengi. Kile ambacho mmoja anakiita mazao, mwingine atakiita matokeo ya awali, na hakuna anayepotea kwa hilo. Kinachosumbua ni ngazi ya mwisho, ambako neno ni moja na maana zinagongana.

Mswahili akisikia "athari" hutega sikio kwa mabaya: athari za ukame, athari za dawa za kulevya, athari za mafuriko. Mwathirika ni mtu wa kupewa pole. Aliyepata kheri huitwa mnufaika. Kwa hiyo "Tathmini ya Athari kwa Mazingira", ile inayofanywa kabla ya kujenga bwawa au barabara, inaeleweka bila taabu, maana inauliza mradi utaharibu nini. Sasa watathmini wa uhifadhi nao wana "tathmini ya athari" yao. Hii hufanywa mradi ukiwa umekwisha au unakaribia kwisha, na inauliza mradi umeleta nini. Mwanakijiji anayeambiwa kuwa wageni wamekuja kupima athari za mradi wa msitu ana haki ya kuuliza kuna hasara gani.

Je, tulitupe neno hili tuseme "manufaa" au "mafanikio"? Hapana. Maneno hayo yanatoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Faharasa ya tathmini iliyotolewa na OECD mwaka 2002 inaihesabu ngazi hii kuwa ya mabadiliko ya muda mrefu, mazuri kwa mabaya, yaliyokusudiwa na yasiyokusudiwa. "Athari", neno lililotokana na Kiarabu lenye maana ya alama iliyoachwa, linabeba yote hayo. Hata ile harufu yake ya ubaya ina kazi: inamfanya mtathmini aulize pia ni nani aliyezuiwa kuokota kuni.

Tatizo la neno hili liko kwingine. Athari lazima iwe na mwenyewe. Mabadiliko yanaweza kutokea tu, lakini athari ni athari za kitu fulani. Anayeandika "athari za mradi" ameshadai kwamba mradi ndio uliosababisha, na dai hilo limejificha ndani ya neno dogo "za".

Tazama Kihansi, katika milima ya Udzungwa. Mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme wa megawati 180 ukiwa umekwisha kuanza kwa fedha za Benki ya Dunia na wafadhili wengine, watafiti walikuta chura mdogo wa manjano ambaye hazai mayai bali watoto kamili. Aliishi kwenye eneo dogo lililoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, na hajapatikana mahali pengine popote duniani. Mitambo ilipoanza kazi, maji yaliyokuwa yakishuka bondeni yalipungua kwa takriban asilimia 90. Basi yakafungwa mabomba ya kunyunyiza maji ili kuiga manyunyu ya asili, na mradi wa kusimamia mazingira ya bonde ukaanza kwa mkopo wa Benki hiyohiyo.

Mabomba kufungwa ni mazao. Uoto wa unyevunyevu kurudi ni matokeo. Juni 2003 vyura walikadiriwa kufikia karibu 21,000, na mtathmini ambaye angefika mwezi huo angeandika athari nzuri kwa wino mzito. Januari 2004 walionekana watatu tu, na wawili wengine wakasikika wakilia. Nani alaumiwe? Kuna ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi ya vyura, kuna mabomba yaliyokuwa hayafanyi kazi, na kuna maji ya bwawa yaliyofunguliwa yakashuka na tope pamoja na mabaki ya viuatilifu. Kila sababu ina watetezi wake. Kupungua kwa vyura hakuna shaka. Athari za nini, ndipo penye mjadala.

Swali la kutenganisha mambo haya tunalo katika sarufi yenyewe ya Kiswahili, katika -nge- na -ngali-: mradi usingalikuwapo, hali ingalikuwaje? Wataalamu huiita hali hiyo kwa majina mazito. Mimi naona "hali bila mradi" inatosha. Mwaka 2006 wachumi Paul Ferraro na Subhrendu Pattanayak walilalamika katika jarida la PLoS Biology kwamba uhifadhi unatumia fedha nyingi bila kuuliza swali hili. Miaka miwili baadaye Ferraro na wenzake walilipima Costa Rica. Walikuta kwamba takriban asilimia 10 tu ya misitu iliyohifadhiwa ingalikatwa kama isingalihifadhiwa. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa salama kwa sababu zake: miteremko mikali, ardhi isiyofaa kilimo, barabara ziko mbali. Aliyehesabu miti iliyosimama akaiita yote athari ya hifadhi, alijipa sifa za mlima.

Kwa hiyo pale ambapo hali bila mradi haijachunguzwa, mwandishi wa taarifa na aandike "mabadiliko yaliyoonekana". Mfadhili hatafurahi, kwa kuwa jedwali lake lina safu ya athari inayosubiri kujazwa. Safu tupu ni taarifa pia.

Kihansi ina mahali pamoja ambapo jibu halina utata. Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura wapatao 500 walichukuliwa na kupelekwa Marekani. Wengi walikufa, na mwishowe waliobaki wakawa katika bustani mbili za wanyama, Bronx na Toledo. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2010 wazawa wa wale waliosafirishwa waliletwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakarudishwa bondeni. Wasingalichukuliwa, kusingalikuwa na wa kurudisha. Hiyo iandikwe athari, pamoja na "za" yake.