Chaguo katika mstari wa amri

Msimamizi wa seva ya Linux akiandika systemctl enable nginx, ameagiza huduma hiyo iwe inaanzishwa kila kompyuta inapowaka. Kama ilikuwa imezimwa, kwa sasa itabaki imezimwa. Akiandika systemctl enable --now nginx, huduma inaanza papo hapo, na agizo la kuanzishwa kila kompyuta inapowaka nalo linabaki. Hapo enable ni amri, nginx ni huduma inayoamriwa, na --now, yenye vistari viwili mbele yake, ndiyo inayoitwa chaguo.

Neno hili lina washindani. Swichi linavutia kwa kuwa limezoeleka, ila swichi ina hali mbili tu, kuwaka na kuzima, ilhali machaguo mengi hubeba thamani: --type=service hutaka aina ya kitu, --lines=50 hutaka idadi ya mistari. Bendera ni tafsiri ya neno kwa neno ya flag ya Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili haoni bendera inahusikaje. Chaguo linagusa kiini cha jambo: mtu anaweza kuliweka au kuliacha, na amri ikabaki kamili. Ndiyo maana kurasa za mwongozo hulitia ndani ya mabano ya mraba, alama ya kitu kisicho cha lazima. Wingi wake uwe machaguo. Chaguzi tumeshalizoea kwa kura na wagombea, na hakuna sababu ya kumchanganya msomaji.

Ugumu wa kweli uko kwenye neno jirani. Simu na kompyuta zilizowekwa Kiswahili hutumia chaguo-msingi kwa kitu ambacho mfumo hukifuata mtumiaji asipobadilisha lolote. Kwenye menyu neno hilo halina madhara. Kwenye mwongozo wa amri linapotosha, kwa sababu chaguo-msingi si chaguo: ni kile kinachotokea pale ambapo hakuna chaguo lililoandikwa. Chukua systemctl list-units. Bila --all, amri hiyo huacha nje vitu vingi vilivyolala, na huorodhesha vilivyo hai, vyenye kazi inayosubiri, au vilivyoshindwa. Anayesoma kwamba hilo ndilo "chaguo-msingi" la amri anaweza kuanza kutafuta chaguo lenye jina hilo. Mimi ningeandika "pasipo chaguo hili", kisha nieleze kinachotokea. Ni maneno matatu badala ya moja, lakini hayahitaji ufafanuzi.

Usahihi huu una uzito zaidi kwenye mstari wa amri kuliko kwenye programu za madirisha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, mtumiaji alikuwa na menyu mbele ya macho. Asiyelielewa neno angeweza kubofya aone. Mstari wa amri hauonyeshi kitu. Chaguo lisiloandikwa kwenye nyaraka, kwa mtumiaji wa kawaida, ni kama halipo. Na systemctl si chombo cha pembeni: systemd, ambayo huongozwa kwa chombo hicho na iliyoanzishwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers, iliingia Fedora mwaka 2011, na kufikia 2015 Debian na Ubuntu nazo zilikuwa zimeifuata.

Katika kueleza kazi ya chaguo, Kiswahili kina kifaa kizuri ambacho waandishi wa miongozo hukisahau: kiambishi hu-. Umbo la kuamrisha, "anzisha", tuliache kwa amri zenyewe. Chaguo halimwamrishi mtu. Lina tabia, na hu- ni kiambishi cha tabia, kisichodai nafsi wala wakati. Hivyo: "--now: pamoja na enable, huanzisha huduma papo hapo; pamoja na disable au mask, huisimamisha papo hapo." Chaguo ni lilelile, matokeo yanapingana, na mwandishi anayeishia kwenye "hutekeleza sasa" hajamwambia msomaji chochote.

Kwa --force, uvivu wa aina hiyo unaweza kupoteza data. Pamoja na enable, hufuta viungo vinavyogongana na kuweka vipya mahali pake. Pamoja na reboot, huiwasha kompyuta upya bila kuzisimamisha huduma kwa utaratibu, ingawa programu bado huuawa na mifumo ya faili hutenganishwa, au hubakizwa ya kusomwa tu. Likiandikwa mara mbili, hata hayo hayafanyiki: mashine hujiwasha upya hapo hapo, na hifadhidata iliyokuwa ikiandika inaweza kuharibika. Kwa hiyo onyo liandikwe ndani ya maelezo ya chaguo lenyewe, kabla ya mfano, wala lisisukumwe mwisho wa ukurasa, ambako mtu mwenye seva iliyokwama hafiki.

Umbo fupi la --force ni -f. Kwenye journalctl, chombo cha kusomea kumbukumbu za huduma hizo hizo, -f ni --follow: huendelea kuonyesha mistari mipya kadiri inavyoandikwa. Msimamizi hutumia vyombo hivi viwili kwa kupokezana, katika dirisha moja, pengine usiku akiwa amechoka. Mifano yote katika nyaraka za Kiswahili iandikwe kwa umbo refu, na -f itajwe mara moja tu, kando ya jina kamili la chaguo inalolifupisha.