Santuri za Misiani na ubao wa darasa

Daniel Owino Misiani alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, Tanzania, karibu na mpaka wa kaunti ya leo ya Migori, Kenya. Miaka ya 1960 alihamia Kenya, na muziki wake wa benga ukatapakaa Nyanza Kusini yote, wilaya ambayo baadaye ilizaa Migori na Homa Bay. Wakubwa walipochukizwa na nyimbo zake walimkamata, tena si mara moja, na kwa kuwa alikuwa Mtanzania, walimtishia kumrudisha kwao.

Misiani alipenda mafumbo. Alisimulia ngano za wanyama na visa vya Biblia, na msikilizaji wa Rongo au Mbita akaelewa anayesemwa ni nani. Aliyetaka kumshtaki ilimbidi kwanza akiri kwamba yule mnyama anafanana na bwana mkubwa fulani.

Darasani, nyimbo ziliingia kwa mlango mwingine. Oktoba 1968, katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walidai Idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Kiafrika, simulizi ikiwamo, iwekwe mbele. Mwaka 1974 walimu wakakutana Nairobi School kujadili fasihi ya sekondari. Mwaka 1982 Kichamu Akivaga na Asenath Bole Odaga wakatoa kitabu cha shule cha fasihi simulizi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, mlango ulifunguliwa nusu. Bembelezi na nyimbo za mavuno hazimtii mtu kiwewe. Wimbo ambao mtunzi wake anajulikana hadi kituo cha polisi ni habari nyingine.

Na kuufundisha si kazi nyepesi. Santuri ndogo za enzi hizo zilibeba dakika chache tu kila upande, kwa hiyo wimbo mara nyingi ulikatwa vipande viwili. Kwanza kisa hupangwa taratibu. Baadaye mwimbaji hunyamaza, magitaa yakashika kasi, na wachezaji nao wakapandwa na mori. Mwalimu anayeandika ubaoni maneno ya Kijaluo na tafsiri yake amepata nusu ya shairi. Afadhali awasikilizishe wanafunzi kwanza, kisha awaulize: sauti imekoma wapi, na kwa nini pale?

Mtunzi mwenyewe hayupo wa kuulizwa. Alifariki katika ajali ya barabarani Kisumu, Mei 2006. Lakini wazee waliozicheza nyimbo hizo wapo vijijini, na hadi leo wanabishana yule mnyama alikuwa nani.